Kutoka komyuniti koleji hadi chuo binafsi Marekani: namna ya kuhama bila kupoteza krediti wala kuzama kwenye madeni

Vijana wetu wengi wanaoishi Louisville, Lexington, Des Moines, Dallas, Grand Rapids au Portland ya Maine huanza masomo ya juu kwenye komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Ni uamuzi wa busara. Katika mwaka wa masomo 2024–25, ada ya wastani huko ilikuwa dola 4,050 kwa mwaka, wakati vyuo binafsi vya miaka minne visivyoendeshwa kwa faida vilitangaza wastani wa dola 43,350. Mtu akiona tarakimu hiyo ya pili hufunga ukurasa na kuamua kwamba huko si kwa watoto wa wahamiaji.

Asifunge bado. Ada iliyotangazwa ni bei ya kwenye karatasi. Vyuo hivi huwapunguzia wanafunzi ada kwa fedha za vyuo vyenyewe, na kwa wanaoanza mwaka wa kwanza punguzo la wastani limepita nusu ya ada. Kwa familia ya kipato cha chini, chuo binafsi chenye mfuko mnene huweza kutoka nafuu kuliko chuo kikuu cha jimbo. Ila pia huweza kuwa mtego, na tofauti iko kwenye hesabu moja ambayo watu wengi hawaifanyi: utalipa jumla ya kiasi gani tangu siku unayohamia hadi siku unayovaa joho? Si kwa mwaka. Jumla.

Hatua ya kwanza: jua unahamia chuo cha aina gani

Vyuo binafsi ni vya aina mbili. Kuna visivyoendeshwa kwa faida, ambavyo kinachobaki lazima kirudi chuoni, na kuna vya kibiashara, ambavyo vina wenye hisa wanaosubiri gawio. Matangazo yao hufanana sana. Usikisie: ingia kwenye tovuti ya serikali iitwayo College Navigator, andika jina la chuo, na utaona kimeandikwa ni cha umma, binafsi kisicho cha faida, au cha kibiashara. Kwenye College Scorecard, ambayo nayo ni ya serikali, utaona asilimia ya wanaohitimu na mapato yao baadaye.

Angalia pia ithibati. Kile unachokitaka ni ithibati ya mojawapo ya taasisi kubwa zinazotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, kama HLC, SACSCOC, NECHE au Middle States. Chuo kikikosa hiyo, krediti zako, yaani vipimo vya masomo uliyokwisha kukamilisha, hazitapokelewa kwingine kirahisi.

Na hali ya kifedha ya chuo chenyewe? Hilo nalo uliza. Mount Ida kule Massachusetts kilifungwa mwaka 2018, na University of the Arts ya Philadelphia ilifungwa Juni 2024 kwa taarifa ya siku chache tu. Vyote havikuwa vya faida. Chuo kidogo ambacho idadi ya wanafunzi wake inashuka mwaka hadi mwaka, hata kikikupa ufadhili mkubwa, kitazame kwa jicho la pili.

Hatua ya pili: krediti kwanza, fedha baadaye

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120. Vyuo vingi vya miaka minne hupokea hadi 60 au 64 kutoka komyuniti koleji. Lakini “tunapokea hadi 60” haina maana kwamba watapokea 60 zako. Ofisi ya serikali ya Marekani inayokagua matumizi ya umma, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Waliotoka vyuo vya kibiashara kwenda vya umma walipoteza takribani zote, asilimia 94.

Tena kuna kupotea kwa namna mbili. Ya kwanza ni somo kukataliwa kabisa. Ya pili ni ya kimyakimya: somo linapokelewa, lakini linahesabiwa kama la hiari, halijazi nafasi yoyote kwenye fani yako. Mwanafunzi wa uuguzi aliyesoma takwimu na anatomia akaambiwa “tumekupa krediti nane za hiari” atazisoma upya na kuzilipia upya. Kwenye karatasi hajapoteza chochote.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hata ya kuomba, waandikie ofisi ya wanaohamia uwaombe makadirio ya krediti, somo kwa somo, kwa fani unayoitaka. Waambatishie transkripti isiyo rasmi, yaani orodha ya masomo na alama zako. Maswali ni matatu: somo hili linapokelewa? Linahesabiwa kama somo gani kwenu? Linajaza nafasi ipi katika fani yangu? Jibu liwe la maandishi. Maneno ya mtu mkarimu kwenye simu hayatakusaidia pale msajili atakapoamua vingine.

Hifadhi silabasi ya kila somo ulilosoma, yote, kuanzia muhula wako wa kwanza. Somo likikataliwa unaruhusiwa kukata rufaa kwa idara, na kinachoshinda rufaa ni silabasi inayoonyesha mada za kila wiki, kitabu kilichotumika na saa za maabara. Asiye na silabasi hana hoja.

Njia nyepesi zaidi ni kufuata makubaliano yaliyokwisha kuandikwa. North Carolina ina makubaliano kati ya komyuniti koleji zote na vyuo binafsi kadhaa: ukimaliza stashahada yao (associate degree) ya sanaa au sayansi, masomo ya msingi yanahesabika yamekamilika. California ina stashahada maalumu ya kuhamia ambayo baadhi ya vyuo binafsi visivyo vya faida huitambua. Majimbo mengine yana makubaliano ya chuo kwa chuo. Muulize mshauri wako katika muhula wa kwanza, usingoje wa nne, maana orodha hiyo ndiyo inayopaswa kukuchagulia masomo.

Wenye masomo ya nyumbani, iwe kidato cha sita cha Tanzania, diploma ya Kenya, au Diplôme d'État na miaka ya chuo kikuu Kongo, peleka vyeti kwa taasisi ya tathmini kama WES au ECE, uombe ripoti ya somo kwa somo na si ile fupi. Ripoti fupi inathibitisha kiwango tu, haizai krediti.

Hatua ya tatu: ratiba

Kuhamia kwa muhula wa Agosti, vyuo vingi binafsi hupokea maombi hadi Machi hivi. Vingine hupokea mwaka mzima nafasi zikiwepo. Kwa muhula wa Januari, tarehe huangukia Oktoba au Novemba. Maombi mengi hupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, sehemu ya wanaohamia. Ada ya maombi husamehewa ukiomba, kwa hiyo omba. Ikiwezekana, hamia Agosti: fedha za ufadhili wa wanaohamia hugawiwa zaidi kwa muhula huo, na anayeingia Januari mara nyingi hukuta makombo.

Hatua ya nne: FAFSA, pamoja na mambo yanayowakwaza watu wetu

FAFSA ni fomu ya bure ya kuomba misaada ya masomo ya serikali ya Marekani kwenye studentaid.gov, na kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mosi. Anayekutoza hela kuijaza, mkimbie. Wanaostahili misaada ya serikali ni pamoja na raia, wenye grinkadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Wenye DACA (kinga ya muda ya walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali), wenye visa ya mwanafunzi, na ambao kesi yao ya hifadhi haijaamuliwa hawastahili. Hao wategemee fedha za chuo chenyewe, za wafadhili binafsi, na za majimbo machache yanayowaruhusu.

Kinachopatikana kwanza ni Pell Grant, ruzuku isiyorudishwa, hadi dola 7,395 kwa mwaka 2025–26. Kumbuka ina kikomo cha maisha: sawa na mihula 12 ya muda kamili. Mihula uliyotumia komyuniti koleji imo ndani ya hesabu hiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuogopa kurudia masomo.

Sasa mikwamo.

Tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliopitia kambini waliandikiwa Januari mosi. Jina nalo huweza kuwa limegeuzwa, la babu likawekwa mwanzo. FAFSA hulinganisha taarifa zako na za Hifadhi ya Jamii (Social Security) pamoja na za uhamiaji, kwa hiyo jaza zilivyo kwenye kadi zako, si unavyojua nyumbani. Na ukitaka kuhesabiwa mtu mzima anayejitegemea kwa umri, yaani mapato ya wazazi yasihesabiwe, fomu ya 2026–27 inauliza kama ulizaliwa kabla ya Januari 1, 2003. Aliyeandikiwa Januari 1, 2003 anakosa kwa siku moja tu.

Mzazi ni nani. Mjomba, shangazi, baba mdogo, bibi, kaka mkubwa: kwetu hawa ni wazazi, na pengine ndio waliokulea tangu Nyarugusu au Kakuma. Kwa FAFSA si wazazi, isipokuwa wamekuasili kisheria. Usiweke mapato yao. Kama wakati wowote tangu utimize miaka 13 ulikuwa yatima wa baba na mama, hata kama walifariki kabla ya hapo, au mahakama ilikuweka chini ya mlezi wa kisheria, unahesabiwa unajitegemea. Kama wazazi wapo hai lakini mmetenganishwa na ukimbizi, fomu ina swali kuhusu hali zisizo za kawaida, na hali ya ukimbizi imetajwa humo. Jibu ndiyo, kisha peleka ofisi ya misaada ya fedha barua na ushahidi wowote ulio nao: barua ya shirika lililowapokea, ya mchungaji au imamu, ya mwalimu wako wa sekondari.

Mzazi asiye na namba ya Hifadhi ya Jamii anaweza kufungua akaunti na kutoa idhini yake vilevile. Asipotoa idhini, hupati senti. Baba akiuliza kwa nini serikali inataka kujua mshahara wake, mwambie kwa upole kwamba kodi alizolipa serikali inazo tayari. Fomu inaomba ruhusa ya kuzisoma tu. Fomu ya 2026–27 inatumia kodi za 2024.

Ndugu wa nyumbani. Fedha mnayotuma Bukavu au Mombasa kila mwezi haipunguzi kipato chenu kwenye FAFSA, na ndugu wasioishi nanyi hawahesabiki katika kaya. Ni jambo linalouma, na nitalirudia kwenye hatua ya saba.

Vyuo binafsi vingi vyenye fedha vinadai pia fomu ya CSS Profile. Hiyo hulipiwa, dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, lakini kwa wanafunzi wa ndani wa shahada ya kwanza ni bure ikiwa kipato cha familia hakizidi dola 100,000. Ina sehemu ya maelezo ya hali maalumu. Ijaze kwa sentensi zilizonyooka na tarakimu.

Hatua ya tano: tafuta fedha nyingine mapema

Majimbo mengine yana ruzuku kwa wakazi wake wanaosoma vyuo binafsi. Kentucky ina Kentucky Tuition Grant, Iowa ina Iowa Tuition Grant, Texas ina Tuition Equalization Grant. TAP ya New York, MAP ya Illinois na Cal Grant ya California nazo hufika kwenye vyuo binafsi. Huko Kentucky na Illinois fedha hutolewa hadi ziishe, hivyo anayejaza FAFSA Oktoba na anayejaza Aprili hawapati sawa.

Jack Kent Cooke Foundation hutoa ufadhili kwa wanaohama kutoka komyuniti koleji, hadi dola 55,000 kwa mwaka. Ushindani ni mkali, alama zinazotakiwa ni za juu, lakini omba. Jiunge pia na Phi Theta Kappa, chama cha wanafunzi wenye alama nzuri wa komyuniti koleji, ukialikwa. Vyuo vingi binafsi vina punguzo maalumu kwa wanachama wake.

Mama ambaye amelea watoto na sasa anataka kurudi darasani, usijitoe kwenye mazungumzo haya. Chuo cha Smith kina Ada Comstock Scholars na cha Mount Holyoke kina Frances Perkins, programu za wanawake waliopita umri wa kawaida wa chuo. Amherst huwatafuta kwa makusudi wanaotoka komyuniti koleji. Berea, kusini ya Lexington, haijatoza ada tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, ingawa nafasi za wanaohamia ni chache.

Tahadhari moja. Kikokotoo cha bei halisi kilichopo kwenye tovuti ya kila chuo kimetengenezwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Kitumie kupata picha, kisha uliza: wanaohamia wanapata ufadhili sawa? Mara nyingi jibu ni hapana.

Hatua ya sita: soma barua ya ufadhili kama mkataba

Barua inafika kwenye baruapepe, imeandikwa “Hongera!” na chini kuna jedwali. Tuchukue mfano. Gharama ya mwaka ni dola 58,000: ada 42,000, malazi na chakula 13,000, vitabu 1,000, usafiri na mengineyo 2,000. Upande wa pili: ufadhili wa chuo 22,000, Pell 7,395, ruzuku ya jimbo 3,000, ajira ya chuoni 2,500, mikopo ya mwanafunzi 7,500, mkopo wa mzazi 15,605. Jumla 58,000. Chini kabisa: “Salio lako: 0.”

Chukua kalamu, ufute kila kinachorudishwa au kinachopaswa kufanyiwa kazi. Ajira ya chuoni ni mshahara utakaoupata baada ya kufanya kazi, haupunguzi bili ya Agosti. Mkopo ni deni. Mkopo wa mzazi ni deni la mama, kwa jina la mama. Kinachobaki ni 22,000 na 7,395 na 3,000, yaani 32,395. Salio la kweli ni 25,605.

Ukiishi nyumbani, weka pembeni malazi, chakula na usafiri: ada na vitabu 43,000, toa 32,395, unabaki na 10,605 kwa mwaka. Lakini uliza kwanza kwa maandishi kama ufadhili unapunguzwa kwa asiyeishi bwenini. Vyuo vingine hupunguza.

Sasa weka pembeni yake chuo cha pili. Huko, ukiishi nyumbani, salio la ada na vitabu ni 8,500 tu kwa mwaka. Nafuu, sivyo? Chuo cha kwanza kimekubali krediti zako zote 60, umebakiwa na 60, mihula minne: 21,210 hadi kuhitimu. Cha pili kimekubali 39, umebakiwa na 81, na kwa krediti 15 kila muhula hiyo ni mihula sita: 25,500. Ongeza mwaka mzima ambao ungekuwa kazini, ongeza Pell ya mihula miwili iliyoliwa. Kile “cha nafuu” ndicho ghali.

Kuhusu mikopo: mwanafunzi anayehesabiwa tegemezi anaweza kukopa serikalini hadi 7,500 kwa mwaka akiwa mwaka wa tatu na wa nne, na 31,000 kwa jumla. Anayejitegemea, 12,500 na 57,500. Sehemu yenye ruzuku haizai riba ukiwa masomoni, anzia hiyo. Mikopo ya wazazi, kuanzia Julai 2026, ina ukomo kwa wakopaji wapya wa 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Ushauri wangu ni kutoigusa kabisa. Mzazi anayefanya zamu za usiku kiwandani hapaswi kustaafu na deni hilo. Ambao imani yao inawakataza riba, waulize kuhusu mpango wa malipo ya kila mwezi: vyuo vingi hugawa bili ya muhula bila riba, kwa ada ndogo ya kujiandikisha.

Hatua ya saba: omba waongeze

Wengi wetu tumelelewa kushukuru kinachotolewa na kunyamaza. Hapa kuomba si utovu wa adabu. Ofisi ya misaada ina mamlaka kisheria kurekebisha hesabu kwa kesi moja moja, na hupokea maombi hayo kila siku. Kama kipato kimeshuka tangu mwaka wa kodi uliotumika, kama kuna bili za hospitali, kama mzazi amefariki, andika ukurasa mmoja na uambatishe ushahidi.

Fedha mnazotuma nyumbani zitajeni hapa, na risiti za miezi 12 na maelezo ya nani anazipokea na kwa nini. Hawalazimiki kuzihesabu. Ila chuo binafsi kina fedha zake chenyewe na uhuru wa kuzigawa, jambo ambalo FAFSA haina. Ukiwa na barua nzuri zaidi kutoka chuo kinachofanana nacho, iambatishe pia, na utaje kiasi halisi unachohitaji. “Nahitaji 3,000 zaidi kwa mwaka ili niweze kujiunga” hujibiwa haraka kuliko “naomba mnisaidie.”

Wenye visa ya mwanafunzi

Kwenu njia ni nyembamba. Rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ihamishwe na chuo unachotoka, chuo kipya kikupe I-20 mpya, yaani hati inayothibitisha masomo yako kwa ajili ya visa, na uonyeshe uwezo wa kulipa mwaka mzima. Uliza mapema kama chuo kinafadhili wanafunzi wa kimataifa wanaohamia. Vingi hutoa punguzo la ada kwa wenye alama nzuri tu. Usiache masomo ya muda kamili hata muhula mmoja wakati unasubiri.

Hatua ya nane: baada ya kukubali

Misaada haikufuati yenyewe. Ongeza msimbo wa chuo kipya kwenye FAFSA yako, na ukijulishe chuo cha zamani umeondoka, maana huwezi kulipwa Pell sehemu mbili kwa muhula mmoja. Lipa deni lolote la maktaba au la maegesho kabla ya kuomba transkripti ya mwisho, lisije likaichelewesha. Maliza stashahada yako kabla ya kuhama kama umebakiza somo moja au mawili. Makubaliano mengi ya krediti yanaidai.

Soma masharti ya ufadhili: GPA (wastani wa alama) ya chini inayotakiwa, idadi ya krediti kwa muhula, na kama kiasi kinabaki palepale ada inapopanda. Ukipata muhula mgumu, nenda ofisini kabla ya kuacha somo, kwa sababu ukijitoa masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya misaada inarudishwa serikalini na bili inabaki kwako.

Bili ya kwanza ikifika Julai, ipitie mstari kwa mstari. Tafuta bima ya afya ya wanafunzi: mara nyingi huongezwa moja kwa moja, na inaweza kuwa maelfu ya dola. Kama una Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini) au bima ya mzazi, kuna fomu ya kuikataa kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, yenye tarehe ya mwisho, kwa kawaida Agosti au Septemba. Tarehe hiyo ikipita, unailipa.